Nani Alikausha Ruaha Mkuu? Uchambuzi wa kisa cha mto mmoja na taaluma nyingi

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Ruaha Mkuu ulikuwa mto wa mwaka mzima. Mwaka 1993 maji yaliacha kutiririka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na tangu hapo kukatika kwa mto kukawa jambo la kawaida. Katika muongo huohuo miji ya Tanzania ilipitia vipindi vya mgao wa umeme, kwa kuwa bwawa la Mtera, lililo kwenye mto huohuo, lilishuka kupita kiasi. Mambo hayo mawili yakaunganishwa haraka: mto umekauka juu, taa zimezimika chini, kwa hiyo aliyekausha mto ndiye aliyezima taa. Mkulima wa mpunga wa Usangu, tambarare iliyo juu ya hifadhi, na mfugaji wa Ihefu, kinamasi cha tambarare hiyo, wakawekwa kizimbani.

Kisa hiki kina faida kubwa kwa mwanafunzi wa taaluma yoyote ile kwa sababu wataalamu walioshiriki walikuwa na takwimu sahihi kuhusu vipande vyao. Hakuna aliyedanganya. Kosa lilitokea pale vipande vilipounganishwa bila mtu kukaa na mto mzima, kutoka Uporoto hadi Kidatu, kutoka Novemba hadi Oktoba.

Tuanze na mto wenyewe. Vijito vyake vingi huanzia kwenye milima ya Uporoto na safu ya Kipengere, ambako mvua hupita milimita 1,000 kwa mwaka. Chimala, Kimani na Mbarali hushuka ghafla hadi tambarare ya Usangu, ambako mvua ni chache zaidi na ardhi ni pana na bapa. Ndembera hutoka upande wa Mufindi na kupitia Madibira hadi kwenye kinamasi cha Ihefu. Maji ya Chimala, Kimani na Mbarali hukusanyika kwenye uwanda unaofurika, hupenya mahali pembamba panapoitwa Nyaluhanga, kisha nayo huingia Ihefu. Ihefu ina mlango mmoja wa kutokea, Ng'iriama, ambapo mwamba umekingama chini ya mto. Kina cha kinamasi kikiwa juu ya mwamba huo, maji hutoka kwenda hifadhini. Kikiwa chini yake, hayatoki hata tone. Baada ya hifadhi mto huingia Mtera, ambako hukutana na Ruaha Mdogo unaopita Iringa mjini na Kisigo unaotoka upande mwingine kabisa, halafu huteremka hadi Kidatu. Kidatu ilianza kuzalisha umeme mwaka 1975, bwawa la Mtera likakamilika mwaka 1980, na mitambo ya Mtera yenyewe ikaanza mwaka 1988. Mwamba wa Ng'iriama uwekwe akilini; hesabu nyingi za kisa hiki zinaishia hapo.

Kila mmoja na kipande chake

Ofisa misitu alitazama milima. Hoja yake ilikuwa ile inayofundishwa shuleni: miti imekatwa, chemchemi zimekufa, mto umekauka. Hapa Mbeya pana ushahidi unaostahili kusomwa kabla ya kuirudia hoja hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960 watafiti walipima mabonde mawili madogo ya vijito kwenye milima ya Mbeya, moja likiwa na msitu wa asili na jingine likilimwa na wakulima wadogo. Bonde lililolimwa lilitoa maji mengi zaidi kwa mwaka, na hata mtiririko wake wa kiangazi ulikuwa mkubwa kuliko wa bonde la msitu. Sababu zilikuwa mbili. Msitu hunywa maji mwaka mzima kwa mizizi mirefu, ilhali shamba la mahindi halina kitu kijani kiangazi. Pili, udongo wa pale ni wa majivu ya volkano, unaofyonza mvua hata ukilimwa, hivyo maji hayakukimbia juu ya ardhi na mmomonyoko haukuwa mkubwa. Matokeo hayo si ruhusa ya kufyeka msitu, na hayawezi kuhamishiwa kwenye udongo wa mfinyanzi unaoziba vinyweleo ukikanyagwa. Lakini yanatosha kumzuia mtu asitoe hukumu kuhusu Usangu kwa kanuni ya jumla. Ofisa misitu peke yake asingeyapata. Yalihitaji mpimaji wa maji na mtaalamu wa udongo wasimame naye kwenye kijito kimoja.

Ofisa wa wanyamapori alitazama madimbwi: viboko wamebanana, samaki wamekufa, tembo wanachimba mchanga kutafuta maji. Alichokiona kilikuwa kweli tupu. Mhandisi wa umeme alitazama kipimo cha kina cha Mtera, ambacho bwawa likijaa husoma mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo ni mita 690. Mhandisi wa umwagiliaji alitazama skimu za mashamba na kuona mifereji ya udongo inayovuja. Ofisa mifugo alihesabu vichwa. Mwanasheria alitazama hati za maji, yaani vibali vya kuyatumia, ambazo nyingi zilitaja kiasi kilekile cha lita kwa sekunde kwa miezi mingi, ilhali kwenye banio, kizuizi kinachogeuza maji ya mto yaingie mferejini, hapakuwa na kifaa cha kupimia. Aliyekwisha kulipia hati akaona ana haki ya kuchukua alicholipia, hata mto ukiwa umebaki kijito.

Mwezi Machi 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitangaza huko London kwamba Tanzania itahakikisha Ruaha Mkuu unatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Lengo lilikuwa jema. Katika miaka ya 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa Usangu na kuelekezwa mikoa mingine, ukiwemo Lindi, na mwaka 2008 pori la akiba la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Mwaka 2010 ukafika na kupita, na mto ukaendelea kukatika kiangazi.

Kipimo kimoja kwa wote

Ugumu wa kwanza ulikuwa wa vipimo. Mmoja anazungumza kwa megawati, mwingine kwa hekta, wa tatu kwa idadi ya ng'ombe, wa nne kwa lita kwa sekunde. Mazungumzo ya namna hiyo hayana mwisho, kwa kuwa kila namba inatisha ikiwa peke yake. Dawa ni kugeuza kila kitu kuwa mita za ujazo, pamoja na tarehe zake.

Chukua mifugo. Hata tukikubali ng'ombe 300,000, kila mmoja akinywa lita 30 kwa siku, jumla ni mita za ujazo 9,000 kwa siku. Gawanya kwa sekunde 86,400 za siku nzima, unapata kama mita 0.1 ya ujazo kwa sekunde. Hicho ni kiasi cha mfereji mmoja mdogo. Kwato zinaweza kuharibu kingo na malisho, na hilo ni suala halali la mwanaikolojia, ila hata unywaji wa kundi kubwa kama hilo ni sehemu ndogo ya maji yanayokosekana.

Chukua sasa hifadhi. Watafiti waliofanya kazi Usangu walikadiria kwamba ili Ng'iriama itoe walau mita 0.5 ya ujazo kwa sekunde kiangazi, Ihefu inahitaji kupokea wastani wa mita 7 hivi kwa sekunde. Kwa mara ya kwanza namba hizo zinashangaza: zimekwenda wapi mita 6.5? Piga hesabu. Mita 6.5 kwa sekunde ni mita za ujazo 561,600 kwa siku. Jua na majani ya kiangazi vikiondoa milimita 6 kwa siku, kiasi hicho kinatosha kinamasi cha kilomita za mraba 94 hivi. Kwa maneno mengine, kinamasi hujilisha kwanza, na kinachobaki ndicho kinachovuka mwamba. Hapo ndipo pia unapoelewa kwa nini kampeni nyingi za kufunga mifereji zilikata watu tamaa. Kijiji kikifunga banio lake na kurudisha lita 100 kwa sekunde mtoni, huko hifadhini hapaonekani badiliko lolote, kwa sababu Ihefu imezinywa. Wanakijiji husema, tulifunga na mto haukurudi, na wana haki ya kusema hivyo. Mpaka mifereji mingi ifungwe kwa pamoja na kwa wiki nyingi, jitihada ya mmoja mmoja haiwezi kuonekana.

Chukua mwisho Mtera. Mita 0.5 kwa sekunde kwa siku 180 ni mita za ujazo milioni 7.8. Mtera inahifadhi takriban milioni 3,200 za kutumika. Kiangazi kizima cha mto uliookolewa ni kama robo ya asilimia moja ya bwawa. Bwawa likiwa limejaa, na uso wake ukiwa kama kilomita za mraba 600, mvuke wa milimita 5 kwa siku huondoa milioni 3. Basi maji yote ambayo hifadhi inayalilia kwa miezi sita, Mtera iliyojaa huyapoteza kwa jua kwa siku zisizozidi tatu. Hata mita zote 7 zinazoingia Ihefu zingefika Mtera bila kupungua, zingekuwa milioni 109 tu, kama asilimia 3.4.

Kwa hiyo kukauka kwa mto kiangazi hakukuzima taa. Mtera hujazwa na mafuriko ya masika, si na kijito cha Septemba. Mpunga unapochukua maji mwezi Februari, hilo ndilo linaloweza kuigusa Mtera, na hata hapo inabidi uondoe mvua iliyonyesha moja kwa moja kwenye majaruba, na maji ambayo yangetandaa uwandani na kupotea kwa mvuke hata kama pasingekuwa na mkulima. Vipimo vya mto vilionyesha hivyohivyo: mtiririko wa kiangazi ulishuka waziwazi, ilhali jumla ya mwaka haikuonyesha mwelekeo wa namna hiyo.

Basi nini kiliishusha Mtera? Waliochambua kumbukumbu za mabwawa walielekeza kidole kwenye namna mabwawa mawili yalivyoendeshwa. Kidatu ina mitambo ya megawati 204 lakini bwawa lake ni dogo, milioni 125 hivi za ujazo. Kati ya Mtera na Kidatu huingia mito mingine, Lukosi na Yovi, ambayo masika hufurika. Utaratibu unaofaa ni huu: Lukosi na Yovi zikijaa, funga Mtera uhifadhi, uiache mito hiyo iiendeshe Kidatu, kiangazi kikija, fungua Mtera. Ukizalisha umeme Mtera katikati ya masika, maji yake yanaikuta Kidatu imejaa tayari, na ziada inamwagika juu ya bwawa bila kugusa mtambo. Megawati 80 za Mtera zinavutia siku ile, lakini kila tone linalomwagika Kidatu ni tone ambalo lingepita mitambo yote miwili miezi sita baadaye. Jambo hili mtaalamu wa kilimo hawezi kuligundua, na mwanaikolojia hawezi. Lakini mhandisi wa bwawa naye hakuwa na sababu ya kulitafuta maadamu kila mtu alikwisha kukubaliana kwamba mkosaji yuko Mbarali, kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu.

Banio la zege

Swali la hifadhi bado linasimama. Taa hazikuzimwa na mkulima, lakini mto wa kiangazi ulikatwa kweli huko juu. Hapa tutazame kitu kimoja kwa karibu.

Banio la asili la Usangu lilijengwa kwa magogo, matawi, mawe na magunia ya udongo, kukinga mto kwa mshazari. Lilivuja. Lilibebwa na mafuriko, likajengwa upya. Kuvuja kwake ndiko kulikowapa maji wa chini: hata wa juu akitaka yote, hakuweza kuyachukua yote. Wafadhili na wahandisi walipokuja kuboresha skimu, waliweka kizuizi cha zege kutoka ukingo hadi ukingo, lango la chuma la kupandisha na kushusha, na mfereji mkuu uliosakafiwa. Kwa mhandisi kazi ilikuwa safi: banio halibebwi tena, nguvukazi ya wanakijiji imeokolewa. Ila kizuizi cha zege hakivuji. Mto ukipungua hadi kina kilicho chini ya ukingo wa zege, maji yote yaliyobaki yanaelekea kwenye lango la mfereji, na chini ya banio panabaki mawe makavu. Ufanisi wa skimu moja ulipanda, na mto wa chini ukapoteza fungu lake la mwisho.

Kasoro nyingine ilikuwa kwenye hesabu za uvujaji wa mashamba. Mtaalamu wa umwagiliaji akipima skimu moja anaona sehemu kubwa ya maji imepotea, anapendekeza kusakafia. Lakini ukitembea chini ya skimu hiyo unakuta majaruba mengine yanayolimwa kwa maji hayohayo yaliyovuja, ya watu wasio na hati wala banio. Ukisakafia, wa juu anapata ziada, anaongeza ekari, na wa mkiani, aliye mwisho wa maji, anakauka. Kipimo kilikuwa sahihi kwa skimu na kibaya kwa bonde.

Mwanauchumi naye ana neno. Kwa nini mtu afungue maji Oktoba, mto ukiwa chini kabisa, ilhali mvua zinakuja mwishoni mwa Novemba? Kwa sababu anayewahi kitalu huwahi kupandikiza, na anayewahi kuvuna huuza kabla soko la Igurusi na Ubaruku halijajaa mpunga. Bei ya mwanzo ni nzuri. Amri ya kufunga malango isiyoigusa bei hiyo itavunjwa usiku.

Maji ya kunywa ndani ya mfereji

Kuna sababu moja zaidi iliyofanya malango yaachwe wazi kuanzia Julai, mavuno yakishakwisha, na ndiyo iliyochelewa kuonekana kuliko zote: vijiji vingi vilitegemea mfereji kwa maji ya nyumbani. Mpunga umevunwa, shamba halihitaji kitu, lakini ukifunga lango akina mama hawana pa kuchota.

Kijiji cha watu 3,000, kila mtu lita 25 kwa siku, kinahitaji mita za ujazo 75, sawa na chini ya lita moja kwa sekunde. Ili kuzifikisha, mfereji wa udongo wa kilomita kadhaa unapitisha lita 100 kwa sekunde, maana ukipitisha pungufu yananywewa na udongo njiani. Zaidi ya asilimia 99 ya maji hayo hulowesha njia, mashamba matupu, bustani kidogo na matofali. Visima viwili au vitatu vyenye pampu vinaweza kutoa lita ile moja. Mwenye jibu la mto, kwa hiyo, alikuwa mhandisi wa maji vijijini pamoja na bwana afya, ambao hakuna aliyewaita kwenye vikao vya hifadhi wala vya umeme. Zaidi ya hayo, watoto wanaokunywa maji ya mfereji wanaugua kuhara na kichocho, kwa hiyo fedha ya kisima ina faida hata kama tone lisingerudi mtoni.

Namna ya kuifanya kazi hii, na mahali inapoharibika

Anayetaka kufanya uchambuzi wa aina hii kwenye bonde jingine la nyanda za juu kusini, iwe ni vinyungu (bustani za mabondeni) vya Mufindi na Njombe au mashamba ya parachichi ya Rungwe, aanze na karatasi moja pana. Mistari iwe watumiaji wa maji kutoka juu hadi chini, pamoja na bwawa, kinamasi na msitu. Safu ziwe miezi 12, kuanzia Novemba ili mwaka wa maji usikatwe katikati. Kila kisanduku kiwe na namba mbili: maji yanayochukuliwa na maji yanayorudi. Kisanduku kisicho na namba kiachwe wazi. Hicho ndicho cha kwenda kupima kwanza.

Mipaka huharibu kazi mapema kuliko kitu kingine. Wilaya huishia mahali pake, hifadhi pake, ofisi ya bonde la Rufiji iliyopo Iringa ina ramani yake. Takwimu zikikusanywa kiwilaya, Ndembera na Mbarali zitakaa kwenye majalada mawili ingawa zinaishia kinamasi kimoja. Kosa jingine ni ripoti ya kubandika: kila mtaalamu anaandika sura yake, mhariri anazifunga pamoja, na hakuna aliyelazimika kusoma sura ya mwenzake. Njia bora ni kumpa mtaalamu wa mifugo jedwali la mhandisi wa bwawa akalihoji, na kinyume chake. Maswali ya mgeni ndiyo yanayofichua dhana ambazo wenyeji wa taaluma hawazisemi tena. Vilevile mtazamo mpana una hatari yake. Anayeutazama mto kutoka juu sana anaweza kusema mpunga wote ni sawa, na kumkosa mtu wa mkiani anayelima kwa uvujaji.

Kwa wakulima wenyewe, watafiti wa Usangu walitumia mchezo wa bonde la mto. Ni ubao wa mbao ulioinamishwa, umechongwa mfereji mrefu katikati wenye matawi pembeni. Gololi zinaachiliwa juu kama maji, na wachezaji huweka vijiti kuzielekeza kwenye mashamba yao. Katika raundi za mwanzo wa juu hujaza visanduku na wa chini hukosa. Halafu wanabadilishana nafasi. Mkulima wa Kimani akikaa kiti cha mkiani kwa nusu saa anazungumza tofauti kuhusu zamu, na mazungumzo yanayofuata ndiyo kazi yenyewe: nani afunge lango lini, kwa siku ngapi, na nani ahakikishe.

Mpangilio wa hatua una maana. Visima vitangulie, ndipo malango yafungwe Julai, kwa vijiji vyote vya mto mmoja kwa wakati mmoja. Vizuizi vya zege vitobolewe tundu la kudumu chini, au viwekewe kigawanyo kinachogawa mto kwa mafungu badala ya lita maalumu, ili mto ukipungua kila mtu apungukiwe. Tarehe ya kuanza vitalu ikubaliwe na jumuiya za watumia maji, pamoja na wanunuzi. Kipimo cha kwanza kisiwe Ng'iriama, maana kule matokeo yatachelewa. Kiwe kwenye kila banio, wiki ya kwanza baada ya mavuno, ambapo hata mwanafunzi mwenye rula na saa anaweza kuandika kina cha maji yanayopita langoni na kina cha yaliyobaki mtoni.